Kimulimuli cha Mkono wa Kushoto

Ukimwona mtu mzima wa mtaa ule anacheka mdomo wazi, kuna uwezekano mkubwa kwamba meno unayoyaona yalipita kwenye meza ya Fundi Meno. Mwenyewe hatakwambia. Wateja wa fundi huyu ni wasiri kupita kiasi. Wakikutana naye sokoni humsalimia kwa mbali, midomo wameibana, watu wasije wakaunganisha mambo. Yeye hajali. Mtu akishapita, hugeuka kidogo, akaangalia taya linavyokwenda, akaridhika, akaendelea kuchagua vitunguu vyake.

Miaka ishirini na saba ameketi kwenye chumba cha nyuma cha kliniki ya meno: dirisha moja, meza mbili, mota ya kung'arishia, na rafu zilizojaa mataya ya plasta yenye majina ya wenyewe kwa penseli. Wagonjwa huonwa na daktari huko mbele. Yeye huletewa chapa za midomo yao, yaani alama za meno na ufizi, pamoja na kikaratasi cha maagizo. Humimina plasta, hujenga kwa nta, kisha nta huyeyushwa na ile plastiki ya rangi ya ufizi huchukua nafasi yake. Ana mkono mwepesi na ulimi mkali. Anayerudi na jino lililovunjika kwa kufungulia chupa atasemwa mpaka atamani kukaa bila meno. Hata wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye meno yake mawili ya mbele ni kazi ya fundi huyu, hakusalimika. Alifumwa siku moja anakata uzi wa cherehani kwa meno hayo, akasemwa mbele ya wageni.

Sasa, huyo kaka ndiye aliyemfanya mwanamke wa miaka hamsini na nne, mwenye heshima zake, aanze kuunda bunduki ya watu wa angani.

Kaka yake alikuwa fundi saa, tena si fundi wa kubahatisha. Alikuwa akiweka parafujo ndogo kuliko punje ya mtama mahali pake huku anakupigia hadithi, na hadithi haikuyumba wala parafujo haikuanguka. Presha ya macho ilimla polepole, jicho moja, halafu la pili. Siku aliyokubali kwamba haoni, alifunga sanduku la vifaa vyake, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu, akaketi kwenye kiti cha sebuleni karibu na redio. Pale ndipo alipobaki. Hospitali walimpa fimbo nyeupe ya kutembelea. Wifi aliitundika nyuma ya mlango, ikakaa humohumo kwenye mfuko wake wa nailoni, fundo halijaguswa. Akiombwa ajaribu kuishika, jibu lilikuwa moja tu, kwamba mikono yake ni ya kazi, siyo ya fimbo. Na kazi yenyewe ndiyo hiyo iliyo chini ya kitanda.

Miezi saba ikaisha hajavuka kizingiti cha nyumba yake. Fundi Meno alikwishayalilia yale macho mpaka machozi yakaisha. Kilichomnyima raha ni kwamba kaka yake, bingwa wa utani wa ukoo mzima, alikuwa amebakiza maneno mawili, ndiyo na hapana, na hayo nayo alianza kuyabania. Alimwogopea waziwazi. Aliona kwamba mtu anaweza kuzimika huku anapumua, na kwamba akichelewa kidogo hatampata tena.

Jumamosi moja, akiwa amekaa naye, alitaja jina la utani la kinyozi wa utotoni mwao, Kipara. Mkono wa kaka yake uliinuka kutoka kwenye paja, vidole viwili vikanyooka mbele, kidole gumba kikabonyeza hewa, na ulimi ukafanya tk. Kisha mkono ukarudi pajani. Jambo lote halikuchukua muda wa kupiga chafya, ila kwa Fundi Meno lilitosha. Alirudi kwake anatembea haraka kama aliyesahau chungu jikoni.

Walipokuwa wadogo, Kipara ndiye pekee mtaani aliyekuwa na televisheni. Aliiweka kwenye rafu chini ya dirisha la duka lake, ikitazama ndani, na ndani hakuruhusu mtoto asiyenyolewa. Mtoto hawezi kunyolewa kila siku. Kwa hiyo ndugu hawa wawili walisimama nje dirishani, wakachungulia juu ya mgongo wa televisheni, na picha wakaiona kwenye kioo kikubwa cha wateja kilichokuwa ukuta wa pili. Hivyo ndivyo walivyofuata mchezo wa nahodha wa chombo cha angani, jioni baada ya jioni. Maandishi ya mwanzo hayakusomeka hata kwa kaka mtu, aliyekuwa akiongoza darasani, wakakubaliana kwamba hiyo ni lugha ya hukohuko angani. Nahodha alikuwa na silaha ya mwanga, nene kiunoni, nyembamba mdomoni, yenye kumetameta kijani kabla ya kufyatua. Wao waliiita Kimulimuli. Walichezea vijiti mpaka vikaisha mtaani, na walifyatulia mkono wa kushoto, kwa sababu nahodha alikuwa wa kushoto na wao hawakuwa watu wa kumkosoa nahodha.

Fundi Meno aliichora ile silaha kwa kumbukumbu nyuma ya kikaratasi cha daktari, akaanza kazi saa za mapumziko ya mchana.

Mtutu ulitokana na kipande cha bomba la maji la plastiki. Tumbo alilichonga kwa nta, akalitolea kalibu ya plasta, akamimina plastiki yake ya kazini, maana ndiyo aliyoizoea. Matokeo yake ilitoka bunduki ya rangi ya ufizi. Daktari alipoiona alitaka kujua kama inafyatua au inatafuna, na kwa wiki nzima kila aliyeingia chumba kile aliulizia afya ya bunduki. Yeye aliendelea kupiga msasa. Alitoboa matundu tisa ya kupozea mwanga kwa zile sindano za kutobolea meno, mstari mmoja, nafasi sawa, bila rula. Ndani alitia gololi za chuma ili iwe na uzito wa kitu cha kweli, na mota ndogo ya mswaki wa umeme uliokufa, ili mwenye kuishika aisikie inavuma kiganjani. Mlio wa tk ulitoka kwenye swichi ya taa ya ukutani, na mwanga kwenye balbu ndogo ya kijani aliyoipachika mdomoni mwa mtutu. Mwisho aliipaka rangi nyeusi, akaisugua kwa unga wa penseli hadi ikang'aa kama chuma kilichotumika. Daktari aliacha utani. Aliishika, akaigeuza, akairudisha mezani kwa mikono miwili.

Swichi aliiweka ubavu wa kulia, ndivyo alivyokumbuka.

Binti wa kaka yake, muuzaji wa duka la dawa, ndiye aliyeleta picha. Aliitafuta kwenye simu mpaka akaipata silaha yenyewe ya mchezo ule, imepigwa picha kila upande, na nahodha ameishika. Matundu yalikuwa tisa, na shangazi mtu alijivuna kidogo. Kisha akaona kwamba nahodha ameishika kwa mkono wa kulia, na swichi iko ubavu wa kushoto. Alizikuza picha kwa vidole, akazipunguza, akazikuza tena. Zote zilisema vilevile.

Mtu mwingine angebisha. Yeye ni fundi wa kufuata chapa. Katika kazi yake, anayefuata kichwa chake badala ya chapa humtoa mgonjwa vidonda. Alijiambia kwamba kumbukumbu ya mtoto si ya kutegemea. Akaziba tundu la swichi la kulia, akalisawazisha hata yeye mwenyewe asilione, akatoboa la kushoto.

Jumamosi aliiweka mapajani mwa kaka yake. Wifi alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Kaka mtu aliichukua kwa mkono wa kushoto. Kidole cha mkono wa pili kilipita mtutuni, kikashuka kwenye matundu, na midomo ikahesabu: moja, mbili, hadi tisa. Uso ukaanza kufunguka, kidogokidogo, kitu ambacho wawili wale hawakukiona kwa miezi. Kidole gumba kikanyooka kutafuta swichi. Kikapapasa ubavu mtupu. Kikarudi, kikapapasa tena, ukucha ukagota mahali ambapo jicho lolote lisingeona kitu.

"Hapa palikuwa na kitu, ukakiziba," alisema. Akamrudishia. "Siyo yenyewe, mdogo wangu."

Uso ukajifunga.

Fundi Meno alitoka na hasira za mtu aliyeumia. Huko uani alimweleza wifi yake kwamba picha ipo, shahidi yupo, na kwamba kaka yake anataka kubishana hata na nahodha mwenyewe. Wifi alimsikiliza mpaka akaishiwa, akamwambia tu kwamba leo kaka yake alisema maneno tisa, na yeye ameyahesabu. Fundi Meno akalia pale pale, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Siku tatu baadaye kliniki, mzee mmoja mwalimu mstaafu alikuja kujaribu meno mapya. Alisimama mbele ya kioo, kikombe cha kusukutulia mkono wa kulia, akitabasamu kila namna. Fundi Meno, aliyeitwa mbele kukagua kazi yake, alikuwa nyuma yake, macho kiooni, anaangalia ufizi. Mzee wa kwenye kioo alishika kikombe kwa mkono wa kushoto.

Somo la kwanza alilofundishwa katika kazi ile ni kwamba kushoto kwenye kikaratasi ni kushoto kwa mgonjwa, siyo kwako unayemtazama. Miaka ishirini na saba amewageuzia watu pande zao bila kukosea jino moja. Utoto wake mwenyewe, aliouona kwenye kioo cha Kipara, hakuwahi kuugeuza. Alicheka kwa sauti, mzee wa watu akafunga mdomo haraka akidhani anachekwa yeye, ikabidi aombwe radhi na asifiwe sana ndipo aufungue tena.

Jioni ile alikwenda kwa kaka yake na chupa ya chai isiyokuwa na chai. Ndani mlikuwa na maji moto na bonge la nta limelainika. Alilifuta maji, akasimama mbele ya kile kiti.

"Kaka, shika Kimulimuli."

Ukanyooshwa mkono wa kushoto. Akamwekea nta kiganjani, akamwambia abane. Alibana bila kuuliza, na fundi aliona kwamba amebana kwa muda mrefu kuliko nta ilivyohitaji.

Ile ya kwanza hakuiharibu. Aliunda nyingine tangu mwanzo, kutoka kalibu ileile, ila mpini ukafuata kila kidole cha kaka yake, na swichi ikakaa ubavu wa kulia. Alitia bidii ambayo hata meno ya daktari mwenyewe hayakupata. Wiki mbili daktari alikula peke yake mchana.

Akampelekea. Vidole vya kushoto viliingia kwenye mpini, vikatulia. Kidole gumba hakikutafuta, kilikwenda moja kwa moja. Tk. Mota ikavuma, mwanga wa kijani ukawaka mdomoni mwa mtutu na kuipaka rangi sebule, na yule ambaye hakuuona aliinua mkono akamlenga dada yake sawasawa, kwa kufuata pumzi zake.

"Umekwisha," alisema.

Fundi Meno alijiangusha kwenye kochi kama alivyokuwa akijiangusha vumbini, na kochi likalalamika. Alipomaliza kufa alimsimulia habari ya kioo. Kaka yake alisikiliza akiwa amekunja uso, kisha akauliza kama ina maana nahodha ni mtu wa kulia kama watu wote. Akajibiwa ndiyo. Na yale maandishi ya angani? Akajibiwa kwamba ni maandishi ya kawaida tu, yaligeuzwa. Kaka alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akatulia, akakumbuka, akaanza upya, na wifi akageukia ukuta kwa sababu hakutaka machozi yake yaharibu jambo.

Kisha akasimama. Alisema anataka kwenda pale kwa Kipara, hata kama Kipara hayupo tena na duka wanauza vitu vingine, akasimame dirishani pale pale. Alihesabu hatua hadi mlangoni, Kimulimuli mkono wa kushoto, akagusa fremu kwa kiwiko, akasimama juu ya kizingiti. Wifi alimsogezea bega. Hakulichukua. Aliunyoosha mkono wa kulia mbele yake, ukiwa mtupu, akaufungua na kuufunga.

"Huu hauna kazi," alisema. "Nipeni hiyo fimbo."

Wifi aliitungua nyuma ya mlango. Lile fundo la mfuko lilikuwa limekaa miezi mingi, likavishinda vidole vyake. Akaliinamia, akaling'ata kwa yale meno mawili ya mbele, akavuta kwa nguvu zake zote. Fundi Meno alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, anaona kila kitu, na hakusema neno.