Spika Mbili za Matanga ya Lweba

Sipendi watu wanaofunga mashine za sauti kwa haraka. Nawaona hapa mjini Baraka, upande wa Kongo, kanisani na kwenye arusi: mtu anawasha jenereta kwanza, ndipo anaanza kutafuta nyaya, kisha spika inapiga kelele ya kupasua masikio na yeye anacheka. Mimi nafunga spika kwanza, halafu waya wa kuingiza sauti, umeme mwisho kabisa, na kitufe cha sauti kikiwa sifuri. Nimeishi peke yangu miaka mingi, na mtu wa namna hiyo ana muda wa kufuata utaratibu.

Asubuhi moja shemeji yangu alikuja kutoka Lweba, kijijini kwao, akasimama mlangoni bila kuingia. Dada yake, mke wangu, alikuwa amefariki juma lililotangulia, na habari za mazishi nilizipata yakiwa yameshapita. Nasema mke wangu, ingawa ni mimi niliyemwacha nikaenda Lulimba kuchimba dhahabu. Nilisema miezi mitatu, nikakaa miaka tisa. Niliporudi, yeye alikuwa kwao, na binti yetu alikuwa amekimbia vita na mama yake mdogo, wakavuka ziwa hadi Kigoma.

"Siku ya posho tunamaliza matanga," shemeji alisema. "Mutoto hawezi kuvuka. Tunataka aongee na bantu boote mu telefone, sauti itokee mu babaffle, ile baspika yako. We njo unajua hii kazi."

"Anajua kama mi njo nitafunga mashini?"

"Hapana. Hatukumuambia."

Nilikubali. Nilitaka kitu kimoja tu, na si aibu kukisema: binti yangu atakapowasalimu watu, na mimi anitaje. Hata wa mwisho, hata kwa hasira. Nilimwacha akiwa na pengo la meno ya mbele. Sauti yake ya utu uzima sikuwahi kuisikia. Namba yake wajomba walikuwa nayo, lakini sikuwa na uso wa kuiomba.

Siku hiyo ya posho, yaani Jumamosi, nilifika Lweba mapema, akina mama wakiwa bado wanachambua ndagala, dagaa wa ziwa letu. Hakuna aliyenifukuza, wala hakuna aliyenipa mkono. Niliweka spika mbili mbele ya turubai, na ampli, ile mashine ya kukuza sauti, juu ya meza nyuma ya spika hizo. Nilimenya nyaya kwa meno, nikasokota nyuzi zake usibaki hata mmoja uliochomoza, maana uzi mmoja ukigusa waya wa pili, ampli inaungua. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Ukikosea upande mmoja tu, spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na anayeketi katikati anasikia sauti iliyokonda, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Katikati ndipo walipoketi wafiwa, pamoja na mama mkwe wangu ambaye masikio yake yamechoka. Nilikagua mara tatu.

Tatizo ni kwamba fundi hukaa nyuma ya spika, na huko nyuma maneno hayafiki, ni mvumo tu. Kwa hiyo nilifanya wizi mdogo: spika ya kushoto niliigeuza kidogo inielekee. Shemeji aliona, akaendelea kupanga viti. Waya wa kuunganisha simu na ampli ulikuwa mfupi, ikabidi yeye aketi kando yangu ameishika.

Binti yangu alipopokea simu nilipandisha sauti taratibu.

"Shikamoo bibi. Shikamooni wote."

Ilikuwa sauti nzito kidogo, tulivu, na Kiswahili chake kilikuwa kimeshakuwa cha ng'ambo. Mama mkwe alianza kulia. Binti yangu alimshukuru bibi yake, akawashukuru wajomba mmoja mmoja, wake zao, jirani aliyekuwa akimchotea mama yake maji, hata yule aliyeleta kuni siku ya mazishi. Kila alipomaliza mtu mmoja niliona zamu inanikaribia. Niliondoa kidole changu juu ya kitufe, nisije nikamharibia sauti.

"Na huyo fundi wa mashine," alisema, "simfahamu, ila nimeambiwa mnanisikia vizuri. Mungu ambariki."

Shukrani zake ziliishia hapo. Iliniuma sana, nikatazama chini kwenye nyaya zangu kana kwamba kuna waya uliolegea.

Shemeji alinitazama. Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au adhabu, lakini alinisukumia simu mkononi.

"Sema naye," alininong'oneza.

"Hakuna shida, mama," nilisema kwenye simu. Ndivyo tunavyowaita binti zetu huku.

Kisha sauti yake ikatoka kwenye spika zote mbili, safi, bila mkwaruzo, uwanja mzima ukisikia:

"Ni nani anayeongea?"

Mama mkwe aligeuka. Wote waligeuka. Jibu la swali hilo nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwa miaka, nikilitamka kwa sauti jikoni kwangu huku nasonga ugali wa mtu mmoja. Nililijua lote, tangu siku niliyoondoka hadi msamaha wa mwisho.

"Ni fundi," nilisema.

"Haya fundi, asante. Naomba unirudishie mjomba."

Nikamrudishia.