Nilivyolilinda Gari Kariobangi

Huku Eastlands, Nairobi, tuna sheria tunayoirithi pamoja na gari kuukuu: usimwache fundi peke yake na gari lako. Ukienda kunywa chai, betri inabadilishwa. Mimi niliishika sheria hiyo kuliko amri za kanisani.

Taa ya injini ilikuwa imewaka wiki mbili, gari linabugia mafuta na kuzimika kila likisimama. Gereji moja kubwa ya Industrial Area ilisema ni sensa ya oksijeni, ile inayokaa kwenye bomba la moshi na kuiambia injini ichome mafuta kiasi gani. Wakataka kuniuzia mpya kwa bei ya kuniliza. Fundi wa Kariobangi akanitafutia iliyotumika, kutoka gari lililobomolewa, akaipima kwa mita nikimwona.

"Madam, hii ni kazi ya nusu saa. Bomba ikiwa moto, inatoka tu."

Nikamwamini, nikaja na mama garini. Mama alikuwa anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, figo zikiwa zimeshindwa, na siku hiyo zamu yake ilikuwa saa sita mchana. Ukichelewa, mashine anapewa mgonjwa anayefuata. Nikaona saa tatu sensa, saa tano hospitali.

Fundi hakudanganya. Sensa ya zamani ilitoka nyeusi kama mkaa, nyingine ikaingia, taa ikazimika, injini ikatulia. Nilitaka kumkumbatia. Kisha nikageuka. Mbele yetu palikuwa na ukuta, na nyuma mafundi wengine walikuwa wamesukuma pikapu na kuitoa magurudumu yote mawili ya nyuma.

"Mwenyewe ameenda kutafuta springi," fundi akasema. "Anakam sai sai, tulia kiasi."

Hiyo "sasa hivi" yake ikapita saa nne, ikaingia saa tano. Tulikuwa tumebanwa kabisa. Fundi, maskini, akanionea huruma.

"Wacha niite teksi, umpeleke mathe. Niachie funguo, gari nitakuletea mwenyewe."

Nilimtazama kama mtu aliyeniomba nimwachie mtoto mchanga. Nikasema tungoje kidogo. Nilisema hivyo mara tatu. Mama alikuwa kiti cha nyuma, leso begani, miguu imevimba ndani ya malapa. Ilipobaki robo kufika saa sita, akafungua mlango.

"Mwanangu, unalilinda vizuri sana hili gari," akasema, bila ukali. "Sasa niitie hiyo teksi."

Nikamkabidhi fundi funguo, nikamwelekeza nyumbani. Tulifika hospitali saa sita na nusu. Kwenye kitanda cha mama alikuwa amelala mzee mwingine, damu yake ikizunguka kwenye mipira. Nesi akatuambia turudi kesho kutwa. Mama akaitikia "sawa" kama aliyelijua jibu tangu Kariobangi.

Jioni fundi alileta gari hadi mlangoni. Ndani ya nyumba, mama alikuwa ameketishwa kwa mito kwa sababu akilala maji yanamjaa kifuani, na nilimsikia akihema. Nikalikagua gari hata hivyo: betri, jeki, redio, gurudumu la akiba, hadi kifuniko cha tangi. Hakikukosekana kitu. Nilisimama pale nikitamani kingekosekana hata kimoja.