Dobi anayepima pasi kwa shavu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mkaa umeshashika vizuri. Mstari anafunga kifuniko cha pasi, anapuliza majivu kwenye matundu ya pembeni, kisha anafanya jambo ambalo dobi mwingine yeyote angelicheka. Anainyanyua pasi hadi usawa wa uso, anaisogeza polepole mpaka inabaki nafasi ya vidole vinne kati ya chuma na shavu lake, na anafumba macho.

"Bado," anasema, na kuirudisha juu ya kipande cha tofali.

Anapepea, anasubiri, anainyanyua tena. Safari hii anaanzia karibu na pua, anaelekea shavuni, anamalizia mbele ya sikio la kushoto. Hapo anakaa muda mrefu kidogo. Mkewe, aliyeinamia beseni la mashati hatua tano kutoka pale, ameacha kusugua. Hamtazami, ila mikono yake imetulia ndani ya povu.

"Inasikika," anasema Mstari.

Mkewe anaendelea kufua.

Kwa mpita njia, hivyo ni vituko vya dobi aliyekaa na moshi miaka mingi mno. Kwa hawa wawili, ndiyo taarifa ya habari ya asubuhi, na huisikiliza kila siku.

Mstari ana umri wa miaka hamsini na mmoja, na ishirini na tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye meza hii hii, ndani ya chumba kimoja chenye mlango wa bati unaotazama barabara. Jina la utani alipewa na wateja, kwa sababu suruali aliyoipiga pasi Jumatatu huwa na mstari wake hadi Ijumaa, hata kama mwenyewe ameilalia. Jina alilopewa na wazazi wake wanalijua mkewe na karani wa kitambulisho, basi.

Meza imetandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe. Kwenye pembe ya shuka kuna alama ya kahawia yenye umbo la pasi, aliyoiunguza wiki yake ya kwanza kazini. Amekataa kulitupa shuka hilo. "Hicho ndicho cheti changu," anasema.

Zamani alimaliza mashati sitini kwa siku. Sasa akifikisha ishirini na matano anajipongeza.

"Dobi anapima pasi kwa kidole," anaeleza. "Unalowesha kidole mate, unagusa chini, inalia chii, na mkono wenyewe unakwambia hii ni ya pamba, hii isubiri, hii ukiiweka kwenye hariri umeharibu nyumba ya watu. Sasa mkono wangu umenyamaza. Ile chii naisikia kwa masikio tu. Inaniambia kuna moto, lakini haisemi moto kiasi gani."

Alivyogundua ni hadithi ambayo mkewe husimulia vizuri kuliko yeye, na husimulia bila kucheka.

Ilikuwa alasiri, mwaka juzi. Mstari alikuwa kwenye shati jeupe la karani wa mahakama, mteja anayekagua kola kama anayetafuta ushahidi. Ghafla akanusa kitu kinaungua. Akaligeuza shati mbele na nyuma, akafunua kola, akatazama vifungo. Safi. Akakimbilia blanketi, akachungulia chini ya meza, hakuna. Akamfokea mkewe uani: "Unaunguza nini huko?"

"Nikaja mbio na povu hadi kwenye viwiko," anasema mkewe. "Nikamkuta ameinamia lile shati, anakagua kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto umelala ubavuni mwa pasi, ngozi inatoa moshi. Nikapiga kelele, 'Baba watoto, mkono!' Akaniuliza, 'Mkono wa shati?'"

Hapo hufuta kiganja kwenye kanga.

"Nikajua mume wangu ana tatizo ambalo si la dawa ya kupaka."

Hata hivyo walianza na dawa ya kupaka. Mstari alidhani ni ganzi ya kazi. Baadaye akaungua tena, na tena. Mkewe amehesabu makovu kumi na moja, kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Tena kulikuwa na jambo lingine ambalo hakuna aliyelihusisha na mikono. Mstari akikohoa, au akicheka sana, kisogo kilimuuma kama kimepigwa nyundo. Huyu ni mtu aliyekuwa akiwachekesha wateja mpaka wanasahau kuuliza nguo zao zitakwisha lini. Nyumba ikaanza kupungua utani, pasipo mtu kujua ni kwa nini.

Ilichukua miezi saba na milango mingi kufika kwa daktari bingwa wa mfumo wa neva, mama mmoja mwenye sauti ya chini ambaye huchora kila anachokisema.

"Watu hudhani mkono una waya mmoja wa kwenda kichwani," anasema daktari huyo, akichora nyuma ya kadi ya miadi. "Kumbe kila habari ina njia yake. Habari za joto na maumivu zikishaingia kwenye ugwe wa neva, ule unaopita ndani ya uti wa mgongo, seli moja inaikabidhi nyingine, na njia inavuka katikati kwenda upande wa pili, ndipo inapanda. Habari za mguso laini hazivuki pale. Zinapanda upande ule ule zilikoingilia hadi karibu kabisa na ubongo, huko ndiko zinakovuka."

Kwa Mstari, picha zilionyesha kwamba sehemu ya chini ya ubongo, upande wa nyuma, imeshuka kupita kiasi na kubana njia ya maji yanayouzunguka ubongo. Ndiyo maana kikohozi kilimpiga kisogoni. Katikati ya ugwe, usawa wa shingo, pamefanyika uwazi mrefu uliojaa maji.

"Uwazi huo umezikata zile njia zinazovuka katikati," anasema daktari. "Zile za mguso, zinazopanda kwa nyuma, bado ziko salama. Kwa sasa."

Maneno hayo mawili ya mwisho Mstari alirudi nayo nyumbani, na hajapata pa kuyaweka.

Ili mwandishi wa makala haya asidhani anapigiwa chuku, mkewe anamfunga Mstari kitambaa machoni na kumpa nguo moja baada ya nyingine. Vidole vyenye makovu vinapapasa.

"Pamba. Imefuliwa mara nyingi, mwenyewe anaipenda. Hii wanaiita hariri, lakini wamedanganywa dukani. Hii…" Anatabasamu. "Hii sketi ya binti yangu. Pindo alilishona mwenyewe, limekwenda kombo."

Kisha mkewe anampa vikombe viwili vya bati. Kimoja kina chai inayofuka, kingine maji ya mtungini. Mstari anavishika vyote viwili. Anabadilisha mkono. Anasikia ukingo wa bati, anasikia kibonyeo kidogo karibu na mpini. Tabasamu linaondoka usoni.

"Sijui," anasema. "Mama watoto, kichukue chako, nisije nikakumwagia."

Shavu alilianzisha mwenyewe, kabla hata ya kumwona daktari, siku alipoinama kwenye pasi kupuliza majivu na joto likamgonga usoni. Alifurahi kama aliyeokota funguo. Uso, daktari alimweleza baadaye, una neva yake inayoingia kwenye ubongo bila kupitia mkononi wala begani. Lakini tawi lake la joto na maumivu hushuka kwanza hadi juu ya shingo kabla ya kupanda, na habari za pembezoni mwa uso, karibu na masikio, ndizo zinazoshuka chini kuliko zote.

"Nilimwambia wazi," anasema daktari. "Siku ambayo joto halisikiki mbele ya sikio, ujue uwazi umepanda. Uje siku hiyo hiyo. Ukizidi kupanda unafika kwenye seli zinazosimamia kumeza, sauti, hata pumzi."

Upasuaji alipangiwa. Unalegeza nyuma ya fuvu ili maji yapate njia, na mara nyingi huuzuia uwazi usiendelee. Joto lililopotea huenda lisirudi. Na wagonjwa wachache, daktari hakuficha, hutoka na ganzi zaidi ya waliyoingia nayo.

"Mimi nikasikia hilo la wachache tu," anasema Mstari. "Mengine yote yalipita. Joto nimeshalizika, sawa. Lakini wakinigusa huko nikaamka siijui pamba na hariri, mimi ni nani? Nitakuwa mtu aliyesimama na pasi."

Ameahirisha mara mbili.

"Mara ya kwanza alisema shule zinafungua, sare ni nyingi," anasema mkewe. "Mara ya pili alisema ana mafua. Safari ijayo nitamtafutia kisingizio mimi mwenyewe, maana vyake vimekwisha."

Anasema hivyo kwa utani, lakini anapoinuka kuanika nguo anabana vibanio vitatu kwenye kola moja na haoni. Ana hofu, na hofu yake haina mahali pa kupumzikia, kwa sababu kila asubuhi inaanza upya pamoja na mkaa.

Asubuhi ya tatu ya mazungumzo haya, Mstari anawasha pasi kama kawaida. Juu ya meza kuna shati la bwana harusi, jeupe, la kitambaa chepesi. Anapuliza majivu. Anainyanyua pasi, anaanzia puani, anakwenda shavuni, anafika mbele ya sikio la kushoto.

"Bado," anasema.

Anapepea. Ananyanyua tena, moja kwa moja kwenye sikio, kwa sababu ndipo anapopatilia maanani zaidi.

"Bado. Huyu muuza mkaa leo katuuzia vumbi." Anaisogeza. Vidole vinne vinakuwa vitatu, vinakuwa viwili. "Mama watoto, hebu niongezee mkaa."

Mkewe hachukui mkaa. Anakuja, anafuta povu, analowesha kidole mate na kugusa chini ya pasi. Chuma kinalia kwa ukali, naye anaurudisha mkono haraka na kuupeleka mdomoni.

Barabarani mtu anaburuta mkokoteni. Mbele ya sikio la Mstari pameanza kuiva wekundu, na yeye anaona namna mkewe anavyopatazama, na ndivyo anavyojua.

"Inaunguza?" anauliza.

"Inaunguza, baba."

Anaiweka pasi juu ya tofali kwa uangalifu mkubwa. Halafu, kwa kuwa ni dobi na hawezi kujizuia, analikunja shati la bwana harusi na kumkabidhi mkewe.

"Mpigie wewe. Pasi iache ipoe kwanza, mpaka uweze kuhesabu kumi ukiwa umeikaribisha shavuni. Usianze na kola, utababaika. Anza na mikono."

"Twende hospitali."

"Harusi ya mtu ni kesho."

"Twende, nikirudi nitapiga," anasema mkewe, na tayari ameshavua aproni.

Siku hiyo hiyo Mstari alilazwa. Daktari alimpima uso kwa pamba na kwa kichupa cha maji ya moto, akachora mstari kwa kalamu mbele ya sikio, akasema hawatangoja zaidi. Upasuaji ni kesho saa mbili asubuhi, na unatarajiwa kuchukua saa nne.

Jioni hii amekaa kitandani, akisugua pembe ya shuka la hospitali kati ya kidole gumba na cha shahada. "Hapa pasi haijapita," anamnong'oneza muuguzi, ambaye anacheka. Mstari naye anataka kucheka, anashika kisogo, anaacha.

Kuhusu siku za mbele ameshafikiri. Kama joto halitarudi, mkewe atashika pasi na yeye atashika kitambaa: kuchambua, kunyunyizia maji, kunyoosha, kukunja. "Yeye atanisikilizia moto," anasema. "Nimemwambia mshahara wake utaanza mwezi ujao. Kaniuliza, na miaka yote hii ya beseni je?"

Mchana mkewe alirudi nyumbani akalipiga shati la bwana harusi, likaenda kwa wakati. Sasa amekuja tena, na shati la Mstari mwenyewe, lile la buluu la kutokea, ambalo amelipiga pasi peke yake. Analitoa kwenye mfuko wa kubebea akilifunika nusu, kama mwanafunzi anayeficha alama zake.

Mstari analiweka magotini na kufumba macho. Vidole vinatembea kwenye kola, vinashuka begani, vinafika kwenye mkono wa kushoto na kusimama.

"Hapa umepiga mara mbili," anasema. "Kuna mistari miwili. Mmoja umenyooka, mwingine umeukimbia."

"Nilijua utauona. Lete nikalirudie."

"Hapana, acha." Analivuta upande wake. "Acha hivyo hivyo, usiunyooshe."

Amemwomba muuguzi, na muuguzi amekubali, kwamba kesho akitolewa chumba cha upasuaji shati hilo liwekwe chini ya mkono wake wa kulia, mkono wa kushoto wa shati ukiwa juu. Hataki kuulizwa jina lake wala siku ya leo. Akizinduka, kabla ya kufumbua macho, atautafuta mstari wa pili.

Mkewe anamsikiliza akimweleza muuguzi hayo yote kwa mara ya tatu. Kisha analikunja shati upya, taratibu, akichunga kidole chake kisipite juu ya ule mstari uliokwenda kombo, usije ukafutika.