Mama Mwende Ameambiwa Akae Chini

Leo kanisani nimeagizwa nimnyang'anye mjane maikrofoni. Hapa hapa Kaloleni!

Nilikuwa mhudumu wa zamu. Mhubiri mgeni akauliza nani ana ushuhuda wa muujiza.

Jirani yangu Mama Mwende akasimama, nikampelekea maikrofoni.

"Namshukuru Yesu. Mume wangu aliugua miaka mitatu..."

"Na sasa amepona!" mhubiri akadakia. Watu wakapiga makofi, jamani, hata hajamaliza!

"Hapana, mtumishi. Tulimzika Jumamosi. Lakini Yesu hakutuacha hata siku moja."



Mhubiri akanigeukia. "Ndugu, chukua hiyo maikrofoni. Kaseti inarekodi, tunataka ushuhuda wa ushindi."

Nikakataa.

Akaja kuichukua mwenyewe, akamwambia mama akae, akampa kijana aliyepata kazi kiwandani. Hapo ndipo vigelegele vikapaa!

Mtu amezika mumewe na bado anamshukuru Yesu, kisha kanisa zima linamwonea haya?

Niambieni wenzangu, tulikwenda kumwabudu nani pale?

Mimi nimemrudishia mzee wa kanisa beji yake ya uhudumu. Nimeshinda kwa Mama Mwende, na ushuhuda wake nimeusikia mpaka mwisho.