Siku Niliyowakata Kuku Mabawa Yote Mawili

Naona aibu kulisimulia hili, hasa kwa kuwa mama mkwe bado ana kumbukumbu nzuri, lakini hapa Chanika kila mtu ameshalisikia kwa namna yake, basi afadhali mlisikie na kwangu.

Kuku wangu walikuwa wakiruka ua wa michongoma na kwenda kutaga kwa jirani, Baba Sefu, mgane mwenye maneno matamu. Mimi nawapimia pumba kwa kikopo, nimewajengea viota kwa vipimo (nilisoma mwenyewe, hakuna aliyenifundisha), na wao wanakwenda kutaga kwenye sufuria bovu la huyo bwana. Hilo ningelivumilia. Lililonishinda ni kwamba kila asubuhi mke wangu alikwenda kuyachukua mayai, akakawia huko, na mimi huku nasikia kicheko chake, kicheko kirefu ambacho nyumbani nilikuwa nimekisahau. Akirudi namuuliza mlikuwa mnacheka nini, ananijibu, "Ah, mambo tu."

Mambo gani hayo yasiyotajika? Nikaamua kuwapunguza kuku mabawa, mayai yabaki kwangu, na mke wangu akose safari.

Baba Sefu akaniona na mkasi, akanyoosha shingo juu ya ua. "Baba Zuhura, kata bawa moja tu. Akiruka anapinda, anaanguka hapo hapo. Ukikata yote mawili anabaki sawasawa."

Nilijua ni kweli, nilikuwa nimeshasoma hivyo hivyo. Lakini kwa kuwa amesema yeye, na mke wangu yupo pale anatikisa kichwa kumkubalia, nikajibu kwamba mimi ni mtu wa mizani, nikawapunguza manyoya marefu ya mabawa yote mawili, kuku wote. Siku chache wakakaa chini kwa mshangao, nami nikatembea kama mshindi.

Jumapili mama mkwe akaja kutoka Kerenge na shemeji zangu, na mke wangu akamwalika jirani (bila kuniuliza). Tunakula, Baba Sefu anawachekesha wote, hata mama mkwe anafuta machozi, na mimi nimekaa kama mgeni kwangu. Ndipo nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Njooni niwaonyeshe kuku wasiovuka ua." Nikamfukuza jike jekundu hadi kwenye michongoma. Akapiga mabawa yake mafupi, kwa shida lakini sawasawa kabisa, akavuka.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikamfuata kupitia kwenye upenyo wa ua, kichwa kikapita, mabega yakapita, kiuno kikakataa, na nilipojivuta suruali ikapasuka nyuma kuanzia kwenye mkanda, na huko nyuma ndiko alikosimama mama mkwe.

"Mungu wangu, mkwe!" nikamsikia, kisha miguu yake ikikimbilia ndani.

Baba Sefu akazunguka kwake, akaja na mkasi kunitoa kwenye miiba. "Tulia, Baba Zuhura. Nikate bawa moja au yote mawili?"

Hapo nikakisikia kile kicheko, safari hii upande wa kwangu. Mke wangu alikuwa ameketi chini kabisa, hana nguvu.

Baadaye, akinichomoa miiba, akaniambia, "Sasa umejua tunachocheka kule. Namsimulia habari zako, unavyowagombeza kuku kwa kutaga nje ya kipimo."

"Mbona mimi hunisimulii?"

"Nikikusimulia unanisahihisha."

Manyoya yameota, sijayagusa tena. Kuku wanaruka, mke wangu anafuata mayai, na wivu, sidanganyi, bado ninao. Nimeapa mawili: ushauri mzuri nitaufuata hata ukitoka kwa nisiyempenda, na mke wangu akisimulia nitanyamaza hadi mwisho. Hilo la pili ndilo gumu. Juzi alianza kunisimulia habari ya ile siku, akasema suruali yangu ilikuwa ya kijivu. Ilikuwa ya bluu. Nikauma ulimi, akaendelea, akacheka peke yake mpaka akaniegemea.