Pawatila ya Kulwa

Kulwa, mkulima wa mpunga wa Usangu, aliandika kwa kidole kimoja kwenye kompyuta ya stesheneri pale Rujewa: "Habari za asubuhi. Samahani, naomba kuuliza kama kuna mtu ameiona pawatila yangu."

Happy, mwenye duka, akacheka. "Mama, hiyo ni tovuti ya mauzo, siyo ofisi ya kata. Haiitikii salamu."

"Sasa nianzeje bila kusalimia?"

Trekta hilo dogo la kulimia ndilo lililowalisha wanawe tangu afiwe na mumewe. Alimwazimisha pacha wake, Doto, wa Ubaruku, amalizie shamba lake. Doto akapiga simu akilia: imeibwa. Na msimu ulikuwa umefika. Bila pawatila, majaruba ya mpunga yangelala.

Happy akafuta salamu, akaandika neno moja tu: pawatila. Zikaja chungu nzima, nyekundu kama ya Kulwa, nyingine za Arusha. Akachagua mkoa wa Mbeya. Bado nyingi.

"Yako ina nini ambacho hizi hazina?"

"Kiti. Nilikishona mwenyewe, ngozi ya ng'ombe wa mahari yangu."

"Haya. Lakini usitafute kama mwenye mali, mama. Tafuta kama muuzaji. Angejisifia nini?"

Kulwa akatazama nje, kwenye vumbi la mashine za kukobolea. Maneno yalimjia bila kuyaita, laini, kana kwamba aliwahi kuyasema: kiti cha ngozi, hakichoshi mgongo. Happy akayafunga ndani ya alama za kunukuu, yatafutwe jinsi yalivyo.

Likabaki tangazo moja. Neno kwa neno.

Pichani mashine ilikuwa imeegeshwa kwenye ukuta wa bluu, ukuta ambao Kulwa alisaidia kuupaka rangi. Tangazo lenyewe liliwekwa kabla ya ile simu ya kilio.

Happy akapiga namba iliyoandikwa, akajifanya mnunuzi, akaweka spika.

"Njoo uione tu, dada," Doto akasema kwa furaha. "Haina mgogoro. Ni yangu mwenyewe, hata ndugu hawahusiki."

Walikuwa wamelala tumbo moja. Kulwa akamwinamia Happy.

"Mwulize anakaa wapi, aseme mwenyewe," akanong'ona.

Doto akaelekeza njia kwa upole, akaahidi na chai. Simu ilipokatwa, Kulwa akaomba tangazo lichapishwe, picha na tarehe vionekane vizuri. Akalikunja, akatoka kuelekea polisi.