Chungu Kilichosuguliwa

Chungu changu cha kuyeyushia shaba kilikuwa kipya, na nyumbani kwetu mtaani Mowlem kila mtu alijua nilivyokihangaikia. Nilikianika juani, nikakiweka kando ya jiko kishike joto polepole, kisha nikakipasha moto kikiwa kitupu mpaka kikawa chekundu. Hapo nikanyunyiza ndani unga wa boraksi, ukayeyuka na kukipaka ute wa kung'aa. Ute huo ndio kinga yake. Mume wangu ndiye aliyenipulizia makaa, kwa hiyo asije akaniambia hakujua.

Akina mama wa kanisa walikuwa wameniagiza kengele ya Jumapili. Siku ya kuimimina nilitoka asubuhi kutafuta mifereji chakavu ya shaba ya kuyeyusha. Kurudi, nikakuta chungu kimefudikizwa katikati ya sufuria na sahani, kinachuruzika maji. Mama mkwe, aliyetutembelea kutoka magharibi mwa nchi, alikuwa amesugua vyombo vyote kwa mchanga na jivu. Kwao, mama akija kwa mwanawe haachi chombo cheusi jikoni. Chungu changu alikiloweka kwanza, halafu akakikwangua ndani mpaka ute wote ukaisha.

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka. Si kwa mama. Mume wangu alikuwa ameketi pale pale na kikombe cha chai wakati mama akisugua. Nilipomvuta kando, akaninong'oneza kwamba mama hakatazwi kazi, nisimwaibishe, niwashe tu moto nimimine. Chungu kilicholowa! Kipasuke, shaba inimwagikie miguuni, ili yeye aendelee kuonekana mtoto mwema. Miguu yangu ameiona ya bure.

Nikamwacha hapo, nikaenda kuchutama karibu na mama mkwe.

"Mama, asante kwa vyombo. Lakini hiki si cha kupikia, ni cha kuyeyushia shaba. Kimenyonya maji. Nikikiwasha leo kitapasuka kiniunguze."

Alikitazama, akafuta mikono kwa leso taratibu. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Si nilikuuliza kama hiki nacho kioshwe? Ukaniambia nisugue sana, kimekaa cheusi."

Mume wangu akainua kikombe, akanywa chai iliyokuwa imekwisha.

Jumapili ilipita bila kengele. Chungu kilikuwa bado juani, na aliyekuwa akikigeuza ni mume wangu, mama yake ameketi kando akimsimamia.